Kiambatisho C

Kwanza nakala ya cheti cha shahada ya kwanza, igongwe muhuri na wakili.
Wakili yuko Kigoma mjini, ghorofani, juu ya duka la nondo,
anagonga elfu tano kwa ukurasa bila kuusoma.
Kisha wadhamini wawili wanaonijua kitaaluma.
Mmoja amestaafu, anafuga nyuki Kasulu, hapokei simu.
Kisha andiko la utafiti: tatizo, malengo, pengo.
Pengo ndilo wanalolipenda.
Dakta Mlowezi alilizungushia wino mwekundu mara nne:
Pengo liko wapi? Nionyeshe pengo.

Nikapanda treni na pengo langu begani
hadi Uvinza.

Mada: Wanawake waliobeba kuni za kuchemshia chumvi, 1948 hadi 1964.
Barua ya chuo ikaenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa,
wa Mkoa akamwandikia wa Wilaya,
wa Wilaya akamwandikia Mtendaji wa Kata,
Mtendaji alikuwa msibani.
Siku mbili nilikaa kwenye benchi lake
nikihesabu magunia yanayopakiwa kwenye lori,
nikajifunza kwamba historia, kabla ya yote,
ni kumngoja mwenye muhuri.

Bi Zabibu Ntabaye hakumngoja mtu.
Alikuwa akipima chumvi kwa kopo la rangi
akaniona kalamu nimeshaifungua.
"Unaandika nini, nami sijasema?"
Tarehe, nikamjibu.
"Tarehe unayo. Basi nunua chumvi."
Nikanunua makopo matatu.

Mwongozo unasema swali lisimwelekeze mhojiwa.
Nikauliza, kazi ilikuwaje?
Nzito.
Mlilipwaje?
Kwa kuhesabiwa.
Akanyamaza. Treni ya mizigo ikapita, ndefu,
ikatuvusha ule ukimya.
"Andika Nyamwiza," akasema ghafla.
"Alijifungua njiani, peke yake, nyuma ya kichuguu.
Akamfunga mtoto mgongoni, akajitwisha mzigo wake.
Karani akamkata siku nzima. Umeandika? Nisomee."
Nikamsomea: Nyamwiza alichelewa kwa sababu ya uzazi.
"Futa. Hakuchelewa. Andika alifika."

Ikabaki fomu ya ridhaa, Kiambatisho C.
Bila hiyo kamati ya maadili haipokei hata koma.
Hajui kuandika, nikampaka wino,
nikakibonyeza kidole gumba chake juu ya nukta za sahihi.
Likatoka doa.
Tukarudia. Doa.
Hapakuwa na ule mzunguko, vile vijia vyembamba
ambavyo kila mtu huzaliwa navyo.
"Hata wale wa vitambulisho walihangaika na mimi," akasema,
akikifuta kwenye khanga.
"Mchana kuni, usiku kukoroga. Maji ya chumvi hula."
Hakulisema kwa huzuni. Alilisema kama mtu anayetaja bei.

Sasa ni kurasa mia moja ishirini na nne,
nafasi mbili kati ya mistari,
ukingo wa kushoto sentimita nne, za kushonea.
Ada ya muhula wa mwisho nimeilipa kwa mbuzi wa mama.
Utetezi ni Alhamisi, saa tatu asubuhi,
wajumbe watano na chupa za maji.
Pembeni ya Kiambatisho C Dakta ameandika kwa penseli:
Haisomeki. Badilisha.

Nimebadilisha mengi.
Sura ya pili nimeipeleka ya nne.
"Inasikitisha" nimeifuta mara sita,
mwanahistoria hasikitiki.
"Alichelewa" nimeitafuta kote, haimo.
Hili doa sijui nilibadilishe na nini.

Siku ile fomu niliilaza juu ya ramani
kabla wino haujakauka.
Jana usiku nikipanga viambatisho nikaona umepenya,
umekaa kwenye ramani, kusini ya reli,
pale ambapo mimi mwenyewe, kwa mkono wangu,
nilikuwa nimeandika: pori, hakuna watu.