Meno Arobaini na Nane

Kabla ya meno mapya
nilikuwa naiinua kwa mabega.
Mwalo wa Igombe, Jumapili, saa kumi na mbili na nusu,
wanawake hawajamwaga dagaa bado,
pale mchanga umekanyagwa mpaka ukawa sakafu,
nilikamata klachi, nikapiga resi,
nikaachia, nikavuta usukani kifuani
kama mtu anayemnasua ng'ombe matopeni.

Tairi la mbele liliruka kimo cha kiatu.
Likarudi.
Kimo cha kiatu. Likarudi.
Makorongo watatu juu ya paa la mzani
walitazama kama makarani ambao hawajalipwa.

Miezi miwili hivyo.
Viganja vikaota sugu,
klachi ikanuka mahindi yaliyosahaulika jikoni,
usiku mgongo ukanidai.
Nkwabi akasema, "Wewe huna moyo."
Nikaamini.
Mtu ukiambiwa huna moyo
unautafuta mpaka uvunguni mwa kitanda.

Holo, fundi wa Buzuruga,
hakuuliza habari za moyo.
Alichuchumaa, akazungusha gurudumu la nyuma
akihesabu kwa kidole chenye grisi,
midomo ikicheza kama yuko kwenye sala:
arobaini na mbili.
"Sproketi imechoka. Ona meno yalivyolala upande mmoja,
kama mpunga uliopigwa na upepo.
Na hata yangesimama, ni machache.
Hii imefungwa kwa safari ya Shinyanga,
si kwa kusimama mguu mmoja."
Nikamwambia jino la pembe si dawa ya pengo.
"La pembe silijui," akasema. "Nishikie spana."

Nyuma akaweka arobaini na nane.
Mbele akapunguza moja.
Cheni ikaongezwa pingili mbili.
Elfu thelathini na tano, na chai yake juu yangu.

Jumapili iliyofuata sikuvuta.
Naapa sikuvuta.
Nilifungua resi kidogo tu,
kama unavyofungua bomba usiku usiamshe nyumba,
na ziwa likashuka.
Ndivyo nilivyoona: ziwa likateremka chini ya tairi,
mitumbwi ikateremka, mawe yakateremka na miti yake,
ikabaki mbingu peke yake mbele ya taa.
Pikipiki imesimama kama mbuzi anayefuata majani ya juu.
Halafu mbuzi akaanguka chali,
na nusu yangu chini yake.

Kiwiko damu. Taa ya nyuma vipande.
Korongo mmoja akaondoka, ameona vya kutosha.

Ile ya zamani ilinifundisha mikono.
Hii imenifundisha mguu wa kulia:
breki ya nyuma, mguso tu,
kama unavyomgusa mtoto aliyelala
kujua kama anapumua.
Ukigusa, inashuka. Ukiongeza resi, inapanda.
Katikati pana upana wa ukucha
ambapo hata injini nadhani inanyamaza.
Nimekaa humo mara moja,
kutoka mzani mpaka kibanda cha barafu.
Hatua sitini na moja. Nilirudi kuzihesabu nikichechemea.

Nkwabi ananiuliza moyo niliupata wapi.
Buzuruga, nikamwambia. Elfu thelathini na tano.

Sisemi ni bure.
Barabara ya Kisesa, spidi sabini, injini inalia kama imefiwa
na vijana wa Igoma wananipita wakinipungia.
Mafuta ya elfu tano hayafiki jioni.

Na Jumanne, kilima cha Bugando,
nimembeba mama mmoja na ndoo yake ya sato,
lori likasimama ghafla mbele yetu.
Nikasimama. Nikaondoka upya, mkono ukajisahau,
tairi la mbele likanyanyuka lenyewe
kimo cha kiatu,
kile kile nilichokitolea jasho miezi miwili.
Likarudi.

Mama alikuwa ameshika ndoo kwa mkono mmoja,
na kwa mwingine shati langu, na ngozi kidogo.
"Mwanangu," akasema,
"hospitali naenda kumwona mgonjwa.
Sijaenda kulazwa."