Yatokanayo

Mimi ndiye katibu wa kikao cha TEHAMA,
chama kikuu cha ushirika, Mtwara mjini, ghorofa ya pili,
kila Jumatatu, feni ikizunguka
kama mjumbe asiye na hoja.
Kufungua. Kuthibitisha. Yatokanayo. Mengineyo. Kufunga.

Na kwenye yatokanayo, tangu Machi,
kuna printa ya ghala la Nanyamba.

Machi: printa itashughulikiwa.
Mei: suala la printa linafanyiwa kazi.
Julai: kikao kilielezwa kwamba suala liko katika hatua nzuri.
Hatua za nani, sikuandika.

Mwenyekiti wetu, Bwana Likunde, si mtu mbaya.
Kikao cha saa mbili hukianza saa tatu kasorobo,
"tumsubiri Nachundwa, yuko getini,"
na Nachundwa, akijua atasubiriwa, hukaa getini.
Kisha kila mtu husoma ripoti
ambayo kila mtu ameshatumiwa.
Saa nzima ya nywila. Nusu saa ya rangi ya nembo.
Somoe, fundi pekee aliyewahi kuifungua ile printa,
hukaa karibu na mlango, hamenyi neno,
anamenya karanga,
maganda anayapanga mstari mmoja ukingoni mwa meza.

Oktoba, korosho zikaanza kuingia.
Nikatumwa Nanyamba na vitabu vya stakabadhi
vya kuandika kwa mkono,
kwa sababu suala liko katika hatua nzuri.
Nikamkuta Abiba Nangomwa, magunia sita, siku ya pili,
kanga ameitandika juu yake, amejinyoosha.
Karani anaandika uzito, anafuta, anapuliza, anaandika.
"Hivi nyie wa mjini," Abiba akaniuliza, hakuinuka,
"mkikaa huwa mnaongea nini?"

Nilikuwa na kurasa arobaini. Jibu sikuwa nalo.

Usiku ule nikazisoma zote, nikimtafuta mtu.
Nikakuta vitenzi:
imeazimiwa, ilipendekezwa, itafuatiliwa, ilisisitizwa.
W moja tu
inaingia tumboni mwa kitenzi
na mtenda anatokea mlango wa nyuma.
W moja, na idara nzima imejibanza humo,
mimi nikishika taa.

Jumatatu. "Katibu, andika: printa itashughulikiwa."
Kalamu nikailaza.
"Na nani?"
Feni.
"Na idara," akasema Likunde.
"Idara haina namba ya simu, mwenyekiti.
Alhamisi nimpigie nani?"

Nachundwa akacheka, akaacha.
Mtu mmoja akakohoa kwa niaba ya wajumbe.
Likunde akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai,
akaifuta tena.

Mlangoni: "Ni rola tu. Elfu thelathini.
Nilishasema, Aprili. Kwenye ngazi, tulipotoka."
Kwenye ngazi!
Mambo yetu yote ya kweli yamesemewa ngazini,
na ngazini hakuna katibu.

Nikaandika:
Somoe Mchopa atabadilisha rola, Jumatano.
Likunde atasaini fedha, leo, kabla ya chai.
Nilipoinua kichwa Somoe alikuwa ananitazama.
"Na lako. Miezi saba ulikuwa unaandika nini?"
Asumini Nampunju atapiga simu Nanyamba, Alhamisi, saa nne.
Jina langu mwenyewe, na mkono ukawa mzito
kama wa mtu anayesainishwa deni.

Kikao kilifungwa, nikaandika.
Nikakata.
Likunde alifunga kikao saa tatu na dakika ishirini.

Alhamisi nikapiga.
Karani hakusema hata haloo,
alisogeza simu karibu na printa:
krr, krr, krr, karatasi ikichanika,
na sauti ya mwanamke ikiuliza, "Ndiyo hii tu?"

Nembo bado iko kwenye yatokanayo.
Nachundwa bado yuko getini.