Mstari Uliochelewa

Bi Mize Shaame wa Kangagani
aliingia maabara kwa mlango usio wake,
ule wa kupokelea vifaa,
akauliza, "Damu yangu imelala wapi?"

Haikulala, nikamwambia. Imo humo,
ndani ya katriji isiyozidi kiganja cha mtoto,
inapashwa, inapozwa, inapashwa tena,
moja ikitokea huwa mbili, mbili huwa nne,
mpaka kilichokuwa kikinong'ona kikasikika.
Mizunguko arubaini. Saa mbili na ushei,
umeme ukituhurumia
huko chini ya bahari unakopita kutoka Tanga.

Miezi saba tumbo lake lilijaa upande mmoja.
Mawifi walisema ana mimba ya jini.
Akaogeshwa, akafukizwa, akachanjwa chale tatu
(bado zipo, nyembamba kama mistari ya daftari).
Ilikuwa bandama, imevimba hadi kitovuni.
Daktari Khatib alihesabu chembe nyeupe, akahesabu tena,
akaandika kwa mwandiko wake wa mbio:
saratani ya damu?
Ile alama ya kuuliza ndiyo kazi yangu.

"Unatafuta nini hasa?"
Nikaitazama mikono yake,
vidole vimeota sugu za miyaa,
nikaona haya kutamka kromosomu.
Nikasema: Bi Mize, chukua kili mbili.
Mmoja tuuite wa tisa, mmoja wa ishirini na mbili.
Kila mmoja umekatika ncha,
na fundi, usiku, bila taa,
kaushonea huu ncha ya ule.
Mashine haitazami mkeka mzima.
Inautafuta mshono huo tu.

Akacheka. "Fundi gani huyo?
Apewe shazia yake arudi kwao."
Kisha akanyamaza kitambo. "Nioneshe."

Sikuwa na mshono wa kumwonesha. Nilikuwa na kioo
na mstari wa kijani uliolala chini,
ukalala, ukalala,
mzunguko wa kumi na nne ukasimama
kama mtu aliyeitwa kwa jina lake.
"Umewahi," nikasema. Nilidhani nasema moyoni.
"Kwani kuwahi si kuzuri?"
Hapa si kuzuri, Bi Mize. Hapa
kinachowahi kupanda ndicho kilicho kingi.

Akapewa kidonge, kimoja kila siku, baada ya chakula.
Msimu wa karafuu alikimeza majamvini
kwa maji ya kopo la wachumaji.
Akarudi Mfunguo Sita: ishirini na sita.
Akarudi tena, kadi imelowa mvua: thelathini na tatu.
Faki, mwenzangu wa zamu, alipiga meza.
Tuliinama sote watatu mbele ya kioo
tukiuombea mstari uchelewe,
sisi tunaogombezwa kila siku
kwa majibu kuchelewa.

Leo haukupanda.
Arubaini imetimia, mashine imezima feni yake,
karatasi imetoka na neno moja:
haikugunduliwa.

Akalifuata kwa kidole. Skuli aliishia darasa la tano.
"Haikugunduliwa," akasema, "au haipo?"
Nilikwishafungua mdomo. Nikaufunga.
Nina digrii moja na vyeti viwili ukutani
na hakuna hata kimoja kilichonifunza kulijibu hilo.

Bi Mize akaikunja karatasi mara nne,
akaifunga kwenye pindo la kanga.
"Mie shazia ikiniangukia ukumbini,
nikaitafuta nisiione,
sisemi haimo.
Nawaambia watoto wakanyage taratibu."

Kisha akauliza dirisha la dawa
hufungwa saa ngapi.