Alhamisi, Saa Kumi Jioni

Yerko, kaa. Laza simu kifudifudi.
Leo mimi si Ximena, fundi wa lifti za mlimani,
ni meneja wa karakana kule bandarini,
na sina muda nawe.
Jina?
Sijasikia.
Jina, si kikohozi.

Wiki iliyopita tulisoma karatasi ya mshahara
mstari kwa mstari, kama wosia:
hapa bima, hapa pensheni,
hapa wamekuibia saa mbili. Ukacheka.
Mimi sikucheka. Mwaka wa tisini na moja
nilitia saini bila kusoma,
nikapaka grisi kebo za Valparaíso
miezi minne kwa nusu ujira.

Ukaniuliza, "Na wakinikataa?"
Walimu wako wana jibu zuri la swali hilo.
Mimi nina spana namba kumi na saba
na kidole kisichokunjika.

Jana ukaenda, shati la kaka yako limekumeza mabega.
Wamekukataa.
Unanisimulia huku unamenya chungwa
taratibu, ganda moja refu lisilokatika,
kisha unasema, kana kwamba si kitu:
"Lakini niliwauliza wanalipa kiasi gani,
na saa za ziada anazihesabu nani.
Yule mzee akavua miwani."

Nageukia dirishani.
Behewa moja linapanda kilima, tupu.
Lenzake linashuka limejaa watu;
uzito wa hilo ndio unaolivuta la kwanza.

Nigawie chungwa.
Haya, tena. Jina?