Niko Salala

Mama amewaambia majirani niko Salala,
nimefuata mvua za kharifu kama watu wenye nafasi zao.
Bi Ghanima wa nyumba ya pili keshaagiza ubani.
Mimi niko Amerati, nyuma ya milima isiyo na jani,
na mvua yangu yote ni hii inayoshuka
tone, tone, ndani ya mpira hadi mshipani.

Wiki iliyopita nilitaka kuacha kiume.
Nikafunga mlango, nikamwaga kila kitu sinkini,
hata kolonya niliyoivisha gazeti,
nikajiambia: siku tatu, Sleyumu, uma meno tu.
Usiku wa pili niliuma ulimi.
Mimi sikumbuki. Anayekumbuka ni shemeji:
povu, sakafu, kisigino changu kikigonga kabati
kama fundi aliyesahauliwa ndani.

Daktari ni Msudani, sauti yake ya chini.
Hakunikaripia kwa kunywa.
Alinikaripia kwa kuacha peke yangu.
"Miaka kumi na moja mwili wako unasukuma mlango," alisema.
"Ukiufungua ghafla, utaangukia uso.
Tuachie sisi tuufungue, taratibu."
Kisha akauliza: kiasi gani kwa siku?
Nikasema chupa moja.
Kalamu ikabaki hewani.
Nikasema mbili.
Haikushuka.
Nikasema yote, na ya asubuhi kabla ya mswaki,
ndipo akaandika,
kwani dawa, alisema, hupimwa kwa ukweli wako,
si kwa heshima ya ukoo wenu.

Sindano ya vitamini kwanza, sukari baadaye.
Vidonge vingi leo, kesho pungufu, keshokutwa pungufu zaidi,
ngazi ya kushukia, nami sina ruhusa ya kuruka kidato.
Kila baada ya saa nne Lisi, muuguzi wa Kerala, ananiamsha:
nyoosha mikono.
Nainyoosha. Mikono hii iliyofunga viyoyozi nusu ya Ruwi,
iliyoshika skrubu ndogo kuliko punje ya mtama,
inapepea kama nguo kambani.
Anaandika namba. Anapima jasho langu kwa macho,
mapigo kwa vidole, anauliza nasikia nini.

Usiku wa tatu nilisikia shuka likiniita kwa jina la utotoni.
Siafu wakatoka kwenye tundu la swichi,
safu nyeusi, wamebeba kucha zangu.
Nilipiga kelele nadhani hata Salala walinisikia.
Lisi hakubishana na siafu.
Aliwasha taa zote. Akamwita daktari.
Akavuta kiti, akasema kwa Kiarabu chake cha kuungaunga:
leo Jumanne, hapa ni hospitali, mimi Lisi, wewe Sleyumu.
Akarudia. Akarudia tena,
mpaka Jumanne ikawa Jumanne
na ukuta ukarudi kuwa ukuta.

Siku ya sita Mama akaja.
Buibui jipya, halwa mfukoni, chupa ya kahawa kwapani.
Hakutazama mpira, hakutazama mkono.
Alitazama dirishani, kwenye mawe yale makavu.
"Mvua vipi huko?"
"Imepungua, Mama."
"Alhamdulillahi."

Akanitilia finjani.
Huku kwetu ukitikisa finjani maana yake basi,
nimeshiba, usinitilie.
Nilikunywa funda moja tu,
na finjani langu likatikisika lenyewe,
kidogo, si kama Jumanne,
lakini likatikisika.
Mama alilitazama kwa muda.
Halafu akaushika mkono wangu chini, kwenye kifundo,
akatilia tena.