Sampuli ya Kumi na Nne

Ghala hili lilikuwa la mkonge.
Ukisogelea ukuta wa mashariki bado unanusa singa,
na sakafuni ipo mikwaruzo ya toroli
ambayo saruji mpya haikuifuta.
Hapa, nyuma ya stesheni ya Tanga,
ndipo ninapopanga dhahabu.

Si ya sonara. Usifikirie bangili.
Punje zangu, ukizipanga mia kwa safu,
hazivuki unene wa unywele mmoja.

Kazi inaanza na maji.
Nayamimina bakulini, nangoja yatulie,
kisha nadondosha shanga za plastiki zisizoonekana,
tone, tone, ubavuni mwa kioo.
Zinatawanyika kama watoto waliofunguliwa darasa,
halafu, sijui nani anayezipigia kengele,
zinarudi mstarini zenyewe,
kila moja na majirani sita.
Utando unang'aa kijani. Ukipumua vibaya, umekwisha.
Kwa hiyo sipumui.

Nauchota kwa kipande cha kioo. Naukausha.
Ndani ya ombwe dhahabu inachemka,
mvuke wake unapenya katikati ya shanga.
Kisha nazing'oa shanga zote kwa utepe wa gundi,
na kinachobaki ni zile nafasi:
pembetatu, pembetatu, pembetatu,
dhahabu imetua pale tu
shanga ziliposhindwa kuziba.

Shangazi Mwanakheri alishona kofia
Barabara ya Kumi na Nne, Ngamiani.
Alitoboa kwa sindano, akazungushia uzi,
kitobo na kitobo, mpaka macho yakamwasha.
Siku moja alifumua kofia ya wiki tatu
kwa kitobo kimoja kilichokwenda upande.
Nikamuuliza: nani atakiona?
Akakata uzi kwa meno.
"Mvaaji hatakiona. Jua litakiona."
Nilikuwa na miaka tisa, nilitaka chapati.

Sasa naelewa, na inaniudhi.
Maana dhahabu hii si ya manjano.
Ni nyekundu, ni kijani, ni zambarau ya bilinganya,
kwa umbali tu wa punje na punje.
Isogeze kidogo, rangi inahama nyumba.

Daktari Shemhilu anataka kioo cha kupima sumukuvu:
tone la maji ya unga liguse safu, rangi isogee.
Magunia ya Handeni yamepangwa mpaka darini,
yenye sumu na yasiyo nayo,
yote meupe, yote yananukia ugali.

Ya kumi na moja, umeme ulikatika ombwe likiwa nusu.
Ya kumi na mbili ni mimi. Nilipiga chafya.
Ya kumi na tatu, vumbi,
chembe moja iliyokaa katikati ya safu
kama ng'ombe barabarani.

Leo ya kumi na nne.
Chini ya hadubini safu zinakwenda, zinakwenda,
kama Ngamiani: ya kwanza, ya pili, ya tatu,
unahesabu bila kuuliza njia,
kisha ufa.
Ng'ambo ya ufa safu zimegeuka kidogo,
kama mtu aliyenuna.

Sina cha kufumua. Dhahabu ikishatua haina uzi.
Nikaandika daftarini: ufa, upande wa kulia.
Halafu, kwa kuwa tone lilikuwa tayari kwenye bomba,
kwa kuwa Mhina mlinzi alishaanza kutikisa funguo,
nikaliweka kushoto, kule kuzima.

Mstari wa mwanga kwenye skrini ukatetemeka.
Ukasogea.
Nanomita saba.
Nikaosha, nikaweka maji matupu: ukarudi.
Nikaweka tena ya unga.
Saba.

Sikupiga kelele.
Nilishazoea kutopumua.

Nilipofika Barabara ya Kumi na Nne
nilishuka, nikaikokota baiskeli mpaka kona.
Nyumba ya shangazi siku hizi ni ya fundi simu,
taa yake inawaka, ameinamia kitu kidogo
kwa kibano kama changu.
Nikampa salamu, hakuinua kichwa.

Kesho ni ya kumi na tano.
Ule ufa, shangazi,
jua limeshauona.