Balozi wa Nyumba ya Kumi

Mama yangu alikuwa balozi
wa nyumba kumi pale Katubuka:
kuku walioibwa, ndoa zilizochoka,
mgeni aliyelala bila kuandikwa daftarini.
Ya kumi ilikuwa ya Bwana Mulumba,
balozi mdogo wa ng'ambo ya ziwa,
mwenye kiyoyozi, bendera na mihuri mitatu.

Walisalimiana kwa vyeo. "Balozi." "Balozi."
Sisi tukicheka nyuma ya mlango.

Kisha Jumamosi moja, mama akichambua dagaa,
redio ikasema nchi ya Bwana Mulumba
haiitwi tena vile.
Bendera ikashuka. Nyingine haikuletwa.
Kamba ya mlingoti ikaanikiwa mashuka.
Mshahara haukuvuka ziwa tena;
kiyoyozi kikauzwa Mwanga, kisha viti,
kisha saa ya ukutani, ikiwa bado inatembea.

Mjumbe hauawi, walisema wahenga.
Hawakusema nani atamlisha.

Akaja usiku ndani ya suti iliyobaki,
akakalia ndoo.
"Mama Bukuru, niko na shida.
Uhamiaji wanauliza mimi ni mtu wa nani."

Mama akachana ukurasa wa katikati,
akaandika polepole kama anayeshona:
*Mleta barua hii namfahamu.
Anakaa nyumba ya kumi. Hadaiwi kuku.*
Akaupulizia muhuri pumzi, akagonga.

Bwana Mulumba aliisoma amesimama,
mikono imenyooka ubavuni nusu ya barua,
kama zamani, bendera ikipanda.
"Balozi," akasema.

Mama hakujibu.
Alikuwa ameinama, anatafuta kifuniko cha wino.